Mtangulizi wa Subilaga

1

Subilaga alikatazwa kitu kimoja tu: kutoa sauti. Ruhusa ya kukaa chumbani alikuwa nayo, ya kusikiliza kila neno alikuwa nayo, hata ya kuutazama ule uso kwenye simu, mradi akae pembeni, mahali ambapo jicho la simu halimfikii. Lakini asiseme, asicheke, asipige chafya. Bi. Leokadia wa wakala wa makazi alimweleza hivyo mara tatu, na mara ya tatu alimshika mkono kabisa.

"Akikusikia, mama, siku zote hizi zitakuwa bure."

Kwa hiyo kila siku saa saba mchana, joto la Kyela likiwa limewafungia watu wote majumbani, mumewe Ambakisye alikaa kwenye kochi na kuiegemeza simu juu ya kigoda. Subilaga alikaa kwenye mkeka kando ya mlango, magoti kifuani. Simu iliita. Ambakisye alipokea. Na Subilaga akajiona.

"Umekula?" aliuliza yule mwanamke kwenye simu.

"Nimekula. Wali na samaki."

"Na chumvi?"

"Sijaweka, Subi. Daktari si amekataza."

Alikuwa ameweka. Subilaga alimwona kwa macho yake akiweka, na kinywa kilimwasha kwa hamu ya kumkemea.

Yule mwanamke alikuwa na kovu la kidevuni kama lake, alilolipata utotoni kwa kuangukia jembe. Alikuwa na mwanya kama wake. Alikuwa na namna yake ya kusikiliza, kichwa kikiinama kidogo upande wa kushoto. Tofauti ilikuwa sweta. Subilaga hakuwahi kumiliki sweta la kahawia kama lile, na huku Kyela hakuna mtu aliyevaa sweta tangu miaka ile joto lilipokuja likagoma kuondoka, Juni kama Desemba. Nyuma ya mwanamke kulikuwa na dirisha, na nje ya dirisha ukungu ukipita taratibu kati ya majengo marefu ya Uwanda.

Uwanda ulikuwa huko juu milimani, mwendo wa saa tano kwa gari, na ulikuwa jiji la watu waliowahi. Baridi yake ilikuwa ya kweli. Maji yalitoka bombani. Hospitali yake ndiyo pekee katika nyanda zote hizi iliyobaki na mashine za kusafisha damu, na mashine zile zilikuwa za wakazi tu. Mtu aliyetaka kuingia aliuza alichonacho chote, nyumba, shamba, pikipiki, na bado kodi ya mwezi mmoja ilikuwa mshahara wa miezi saba wa huku bondeni. Wengi waliopanda kwa pupa walishindwa kabla mwaka haujaisha, wakateremshwa, wakakuta nyumba zao zimeshavunjwa kuwa matofali. Ndiyo sababu wakala ilianzisha mtangulizi.

Kwa siku arobaini Subilaga alivaa kofia ya nyavu, kazini na nyumbani, hata kanisani. Aliulizwa maswali elfu kadhaa: unaogopa nini, mara ya mwisho ulimpiga nani, mama yako alinukiaje. Kutokana na majibu hayo, na mapigo ya damu, na yote ambayo kofia iliyaona bila kuuliza, walimtengeneza Subilaga wa pili na kumweka katika Kivuli. Kivuli kilikuwa jiji lote la Uwanda likiwa limenakiliwa ndani ya mitambo: kila ngazi, kila bomba, kila bei ya kitunguu sokoni, na kila dakika nakala ilisahihishwa ifanane na jiji lenyewe. Watangulizi waliishi humo siku tisini, wakila, wakilala, wakifanya kazi. Yule wa Subilaga aliendesha majokofu ya soko kuu. Vali za gesi ya majokofu alizofungua kule Kivulini zilifunguka kwenye soko la kweli, na malipo yake yaliingia kwenye ada ya kuhamia. Siku tisini zikiisha, familia ilijua kama ingeyaweza maisha ya kule, ikaamua.

Mtangulizi hakujua kwamba yeye ni mtangulizi. Wale wa mwanzo waliambiwa, nao walikaa vitandani wakitazama ukuta mpaka siku zao zikaisha.

"Ule mchele ulionifungia bado upo," alisema yule mwanamke. "Naupika Jumapili tu. Siku ile stendi, Amba, ulikuwa unalia, nikajifanya sioni."

Ambakisye aliinamisha macho. Hakukuwa na mchele. Hakukuwa na stendi. Safari ile iliandikwa na watu wa wakala, wakaiweka kichwani mwake mahali ambapo kumbukumbu za Subilaga ziliishia.

"Nilikuwa nalia," alisema Ambakisye polepole.

Subilaga alimtazama mumewe. Miaka kumi na sita ya ndoa hajawahi kuliona chozi lake, hata siku walipomzika mtoto wao. Alihisi wivu, akauonea aibu, na bado ukabaki.

"Na yule jirani yako, mwalimu?" Ambakisye aliuliza, ili atoke hapo.

Mwanamke alivuta mikono ya sweta. "Mwalimu Kapinga? Amehama. Kusema kweli, alishaniaga tangu juzi."

Subilaga aliinua kichwa ghafla. Ambakisye alitikisa kichwa kama mtu aliyesikia habari ya kawaida, kwa sababu kwake ilikuwa ya kawaida. Mtu mmoja tu duniani alijua kwamba Subilaga, akitaka kudanganya, huanza na "kusema kweli." Hajawahi kumwambia yeyote.

Mate yalimpalia. Akajiziba mdomo kwa khanga, lakini kikohozi kidogo kilipenya.

Kichwa cha kwenye simu kiliinuka. "Nani huyo?"

"Redio," alisema Ambakisye.

Yule mwanamke alimtazama mumewe kwa muda mrefu bila kupepesa. Kisha akasema amechelewa kazini, na uso wake ukazimika.

2

Ripoti ya juma la kumi na moja ilikuja Ijumaa. Ambakisye alisoma ukurasa wa kwanza tu, ule wenye alama kubwa ya kijani, akafurahi. Subilaga aliipeleka kazini kwake, kwenye chumba cha baridi cha kituo cha afya alikotunza majokofu ya chanjo, akaisoma yote akiwa amekaa juu ya ndoo.

Usingizi: saa tatu kwa usiku. Chakula: nusu sahani. Kazi: bora kuliko asilimia tisini na saba ya watangulizi wa fani hiyo. Matembezi: hatua elfu kumi na tisa kwa siku, nyingi zikiwa ndani ya jengo analoishi. Chini yake palikuwa na maelezo: *Mhusika hupita ghorofa zote jioni akibisha hodi. Ameweka alama za chaki kwenye milango kumi na minne kati ya ishirini na minne. Bidii ya ujirani: nzuri sana.*

Alimpigia simu Bi. Leokadia. Kesho yake yule mama alifika na gari lake lenye kiyoyozi, akakaa sebuleni akijipepea kwa bahasha. Alikuwa mwanamke mtaratibu, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kutoa habari za wagonjwa.

"Mwalimu Kapinga alikwenda wapi?" Subilaga aliuliza.

"Yule wa kweli? Yuko Songea. Aliamua asipande. Watoto wake walikataa."

"Nauliza huyu wa Kivulini."

"Huyo alifungwa, mama. Mwenye uamuzi akishaamua, apande au asipande, mtangulizi hufungwa. Kazi yake imekwisha."

"Anasikia nini wakati wa kufungwa?"

"Hasikii kitu. Ni kama swichi ya taa."

"Na waliobaki wanaona nini?"

Bi. Leokadia aliacha kujipepea. "Wanaambiwa amehama."

"Mtangulizi wangu aliona nini?"

Alijibu akitazama mlango. "Walikuwa wanakunywa chai pamoja. Huwa tunangoja mtu awe peke yake, lakini siku ile mitambo ilikosea saa. Alikuwa anamsimulia habari za shule aliyofundisha. Kikombe kilibaki mezani, kinafuka moshi."

Subilaga aliyaona yote: yeye mwenyewe kwenye kiti, sentensi ikikatwa katikati, kiti cha mbele kikiwa kitupu. Akamwona akipanda ngazi na kipande cha chaki, akibisha hodi, akitia alama pale ambapo hakuna anayeitika tena. Halafu saa saba mchana anavaa sweta, anajifuta uso, anampigia mumewe kumwambia kusema kweli hakuna shida.

"Kwa nini yeye hamwambii Amba?" aliuliza, na mara akatambua kuwa swali si la Bi. Leokadia. Yule mwanamke hakumwambia Ambakisye kwa sababu ileile ambayo yeye asingemwambia. Ambakisye angeogopa kupanda. Na asipopanda, figo zake zingemuua.

"Ninyi mmefanya vizuri," alisema Bi. Leokadia akiinuka. "Siku nane zimebaki. Karatasi ya kwanza ni ya kupanda, ya pili ni ya kubaki. Ni dole gumba tu."

"Na zote mbili anafungwa."

"Zote mbili, mama."

3

Siku ya themanini na nne asubuhi, Ambakisye alianguka bafuni. Subilaga alimkuta amekaa sakafuni, miguu imevimba kama magunia, akitabasamu kwa haya kama mtu aliyevunja sahani ya wageni.

Daktari wa kituo hakuzunguka. "Figo zinakwisha. Akisafishwa damu mara mbili kwa wiki ataishi miaka. Asiposafishwa, sina wiki nyingi za kukupa." Halafu, kwa sauti ya chini, kwa kuwa walifanya kazi pamoja: "Mpandishe, Subilaga. Usisubiri."

Walimpa dawa, wakamrudisha nyumbani, akalala. Saa saba mchana alikuwa bado amelala chumbani, na simu ikaita sebuleni.

Iliita mpaka ikakatika. Ikaita tena. Kule nje mtaa ulikuwa mweupe kwa jua, nyumba tatu za mbele zimefungwa kwa mbao, na mlio ule peke yake ulisikika hadi barabarani. Subilaga alifikiria karatasi ya kwanza. Alishaamua kuitia dole tangu kwa daktari. Hakukuwa na la kujadili. Lakini kabla ya kumzima mtu aliona lazima amtazame usoni.

Alikaa kwenye kochi, mahali pa mumewe, akapokea.

Yule mwanamke alifungua mdomo, akaufunga. Kwa muda nyuso mbili zilitazamana, vichwa vyote viwili vimeinama kidogo upande wa kushoto.

"Nilijua kuna mwanamke humo ndani," alisema hatimaye. "Siku ile niliposikia kikohozi. Nimelia siku tatu. Sikujua kama ni mimi."

"Nisamehe."

"Amba yuko wapi?"

"Amelala. Ameanguka leo asubuhi. Figo."

"Ameweka chumvi?"

"Kila siku."

Yule mwanamke alicheka kicheko kifupi, kisha machozi yakamtoka bila sauti. Subilaga alimweleza kila kitu: kofia, maswali, Kivuli, vali za majokofu, siku tisini. Hakumsemesha kwa upole, kwa sababu alijua mwenyewe hapendi kusemeshwa kwa upole wakati wa msiba.

"Kwa hiyo stendi haikuwepo."

"Haikuwepo."

"Hakulia."

"Hapana."

Hilo lilimuuma kuliko mengine. Alifuta uso kwa mkono wa sweta, akageuka kutazama ukungu dirishani, akagusa kioo kwa vidole vyote vitano. "Ni baridi," alisema. "Nakuapia, ni baridi." Kisha: "Imebaki milango sita. Wale kumi na wanane hawakwenda popote, siyo?"

"Hawakwenda popote."

"Wa kwangu lini?"

"Jumapili. Nikitia dole."

"Utatia?"

"Amba atakufa nisipotia. Na nikitia karatasi nyingine unafungwa vilevile." Aliisogelea simu. "Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

Yule mwanamke alimtazama kwa macho ambayo Subilaga hakuyatambua. Siku themanini na nne peke yake katika jengo linalotoweka zilikuwa zimeyafanya kitu kingine.

"Zamani ningekujibu," alisema. "Sasa hivi mimi nataka kuishi, basi. Na nataka Amba apone. Usiniulize zaidi. Wewe ndiye mwenye dole."

Akakata simu.

4

Bi. Leokadia alifika kesho yake kabla ya saa nne, na Subilaga alimpokea akiwa amejiandaa kwa adhabu: mkataba kuvunjwa, nafasi kufutwa, Ambakisye kufia bondeni kwa sababu ya mdomo wa mkewe. Badala yake yule mama alikaa, akaomba maji, akayanywa yote.

"Ulimwambia," alisema.

"Nilimwambia."

"Watangulizi mia tatu na kitu tangu tuanze, kila aliyejua aliacha kula. Huyu wako asubuhi ameamka, ameoga, ameingia kazini. Jokofu namba nne lilikuwa na hitilafu ya mwezi mzima, amelitengeneza. Kisha akaenda ofisi za jiji kule Kivulini, akakaa mapokezi mpaka wakubwa wa jiji lenyewe wakakubali kuzungumza naye." Alitoa karatasi kwenye mkoba, mpya, bado imenyooka. "Wamekubali. Hii ni ya tatu. Haijawahi kuwepo."

Subilaga aliisoma. Mtangulizi asingefungwa. Angeendelea na kazi ya majokofu maadamu mitambo inaendelea kufanya kazi. Kwa malipo ya kazi hiyo mume wake angepewa makazi Uwanda bila ada, na mashine ya kusafisha damu mara mbili kwa wiki. Nyumba yenyewe ilikuwa ileile aliyoishi mtangulizi, ghorofa ya nne, upande wa kweli. Ukuta mzima wa sebule ungewekwa kioo, na ng'ambo ya kioo pangekuwa sebule ya Kivulini. Wangekula pamoja, mmoja huku na mwingine kule.

Kisha akafika kifungu cha mwisho. *Subilaga Mwaisaka wa asili hataingia katika jiji la Uwanda kwa makazi, matibabu wala matembezi, hata kwa saa moja.*

"Hii ni sheria yenu?"

Bi. Leokadia aliinamisha kichwa. "Hicho hatukukiandika sisi, mama. Jiji halina shida na wawili. Kifungu hicho ameomba yeye."

Mbu mmoja alikuwa akizunguka kwenye glasi tupu. Subilaga alimfuata kwa macho muda mrefu.

"Bado una karatasi ya kwanza," alisema Bi. Leokadia taratibu. "Unaweza kuitia dole sasa hivi. Mnapanda wote wawili, wewe na mumeo. Ada imeshatimia. Yeye anafungwa Jumapili, na hana la kufanya. Nakwambia kwa sababu ni haki yako ujue, na kwa sababu hata mimi ningekasirika."

Na Subilaga alikasirika. Alikasirika hadi masikio yakavuma. Mwanamke aliyetengenezwa kwa mapigo ya damu yake, aliyepewa kovu lake na mama yake na ndoa yake, alikuwa amekaa mapokezi akipanga kumnyang'anya mume. Angeweza kumzima. Kidole kilikuwa palepale mkononi mwake.

Lakini hasira ilipopanda ilikutana na kitu kingine kilichokuwa kinamngoja. Alijiona amekaa kule juu, milango sita imebaki, amejua kwamba mume anayempenda hajawahi kumgusa, na kwamba kuna mwanamke mwingine, mwenye mwili, mwenye haki zote, ambaye akikanyaga tu sebule ile upande wa kweli, Ambakisye hatageuka tena kutazama kioo. Angefanya nini, yeye Subilaga binti wa Mwaisaka? Angeomba kifungu hichohicho. Angekiandika kwa mkono wake.

Alijaribu kuiona karatasi ya kwanza kama karatasi. Hakuweza tena. Aliona mtu amesimama dirishani, vidole vitano kwenye kioo, akisema nakuapia ni baridi.

"Niachie zote tatu," alisema. "Nizungumze na mume wangu."

5

Ambakisye alikataa. Alikaa kitandani, mto mgongoni, akakataa kwa nguvu zote alizobakiwa nazo.

"Mimi nimeoa mke mmoja, Subi. Mbele ya mchungaji. Huyo wa kwenye kioo simjui."

"Umezungumza naye kila siku kwa miezi mitatu."

"Nilikuwa nazungumza na wewe! Nilikuwa nafumba macho moyoni, najiambia ni wewe."

"Basi endelea hivyohivyo."

"Kwa nini tusipande wote? Si ada imetimia?"

Hapo ndipo Subilaga alipochagua. Angemwambia ukweli, Ambakisye angeitia dole karatasi ya kwanza mwenyewe, bila kusita, na Jumapili mwanamke mmoja angezimwa, na wao wangeishi kwenye nyumba yake, wakipita milango ileile aliyoitia chaki. Alimtazama mumewe, miguu yake iliyovimba, uso wake uliokuwa umeanza kuwa na rangi ya udongo.

"Kusema kweli," alisema, "ni sheria ya jiji. Karatasi ya kwanza wameifuta, na hawaruhusu Subilaga wawili. Na chanjo za huku nani atazitunza? Utatibiwa mwaka mmoja, utapata nguvu, tutaona."

Ambakisye alimwamini. Alilala kwa muda akitazama dari, kisha akamshika mkono, na Subilaga akatia dole karatasi ya tatu kwa mkono wake mwingine, haraka, kabla mikono haijaachana.

Gari la wakala lilikuja Jumapili asubuhi, watu wakiwa kanisani. Mtaa ulikuwa kimya. Dereva na Subilaga walimshika Ambakisye kila upande mpaka kwenye kiti cha nyuma. Subilaga alikuwa amemfungia nguo zake mbili, dawa zake, na picha ya mtoto wao. Alitaka kusema maneno mengi na akasema moja tu, asile chumvi.

Ambakisye alimtazama kupitia dirishani, na machozi yakamtiririka usoni waziwazi, mengi, kama ya mtoto.

Subilaga alisimama barabarani mpaka vumbi likatua. Kisha akaenda kituoni kukagua majokofu, maana saa ya kukagua ilikuwa imepita.

Wiki ya kwanza Ambakisye hakupiga. Ya pili Bi. Leokadia alituma ujumbe kwamba damu inasafishwa vizuri, uvimbe unashuka, anakula. Wiki ya tatu, siku ya Jumatano, simu iliita saa saba mchana, naye aliikimbilia hata akagonga goti kwenye kigoda.

Ambakisye alikuwa amekaa sebuleni kule juu. Alikuwa amenenepa mashavu. Alikuwa amevaa sweta la kahawia, jipya, na kupitia bega lake kilionekana kioo kikubwa, ukuta mzima, na ndani ya kioo meza iliyoandaliwa watu wawili. Subilaga hakumwona mtu mwingine. Aliona kiti kimesogezwa nyuma kidogo, kama mtu ametoka kuinuka.

"Hali yako, mume wangu?"

"Nzuri. Nzuri sana. Huku ni baridi, huwezi kuamini." Alicheka, akasugua mikono. Kisha uso wake ukabadilika, kama mtu aliyeingia chumba na kusahau alichofuata. Alitazama simu, akatazama pembeni. "Nilitaka kuuliza kitu. Kuhusu siku ile stendi. Siku ile nililia, si ndiyo? Nilikuwa nimebeba mchele?"

Subilaga aliishika simu kwa mikono miwili. Kule ng'ambo alisikia maji ya bomba yakifungwa.

Ambakisye alishtuka, kama aliyepotewa na sauti gizani. "Subi?" aliita. "Subi, upo?"

"Nipo," alisema Subilaga.

"Nipo," ilisema sauti nyingine wakati uleule, ileile, kutoka ndani ya kioo.

Ambakisye aligeukia ile iliyokuwa karibu.